UZI: Nimesoma OMAC yote kwenye zamu ya usiku Malindi, sasa natazama juu kama babu yangu

ZamuYaUsiku

Salaam wadau. Kazi yangu ni kukaa mapokezi usiku kwenye nyumba ya wageni hapa Malindi. Wageni huacha vitu: malapa, mafuta ya jua, vitabu vyenye mchanga katikati ya kurasa. Mmoja aliacha kitabu cha jalada gumu, komiki ya Marekani. Nikangoja wiki tatu labda ataulizia. Kimya. Na joto hili la kaskazi mnalijua, umeme ukikatika wageni wote hutoka nje kupunga upepo, hakuna wa kuja kuulizia nywila ya intaneti. Nikakimaliza kwa tochi ya simu kwa zamu mbili.

Kinaitwa OMAC. Ni ufupisho wa One Man Army Corps, jeshi zima ndani ya mtu mmoja. Aliyeandika na kuchora ni Jack Kirby, yule aliyembuni Captain America pamoja na Joe Simon, na Black Panther pamoja na Stan Lee mwaka 1966. Mwaka 1970 alihama kampuni ya Marvel akaenda DC, kwa wenye Superman na Batman, na huko ndiko alikoizaa hii. Toleo la kwanza ni la 1974, la mwisho la 1975. Manane tu, pwaa, likakatika. Nimewauliza vijana watatu wanaovaa fulana za Batman hapa mjini, hakuna aliyewahi kulisikia.

Hadithi iko hivi. Ni dunia ijayo, mwaka hautajwi. Silaha zimekuwa kali mno hata kupeleka jeshi mahali ni kuihatarisha dunia yote. Kwa hiyo kuna shirika la amani ambalo watu wake wamejipulizia dawa usoni inayofuta sura, usijue huyu Mwafrika, huyu Mzungu, huyu Mchina. Nyuso tupu kama mayai. Na juu kabisa angani kuna setilaiti yenye akili zake, inaitwa Brother Eye. Mimi namwita Ndugu Jicho. Ndugu Jicho ndiye anayempa nguvu mtu mmoja afanye kazi ya jeshi.

Mtu mwenyewe sasa. Ni kijana anaitwa Buddy Blank, mtu wa chini kabisa kwenye kampuni inayotengeneza watu bandia. Wakubwa wanamkemea, wenzake wanamcheka. Kampuni ina hadi chumba maalumu cha kwenda kuvunjavunja vitu ukiwa na hasira, utoke hapo urudi kazini umetulia. (Mwajiri wangu asisome hapa, atakijenga.) Siku moja miale inamshukia Buddy kutoka juu, misuli inamvimba, nywele zinasimama kama undu wa jogoo, kifuani jicho kubwa. Amekuwa OMAC. Anavunja ukuta, anapiga watu, mambo yanaendelea.

Ule ukurasa nimeurudia mara nne. Nilikuwa natafuta kisanduku ambacho Buddy anaulizwa kama anataka. Hakipo. Peter Parker aling'atwa na buibui kwa bahati mbaya, Bruce Wayne aliapa mwenyewe. Huyu alichaguliwa kwenye orodha, akabadilishwa mwili kwa mbali, na kwenye matoleo yanayofuata ni kama hakuwahi kuwepo. Wanaoisoma komiki hii wanasifu michoro na ngumi. Mimi nimebaki na huyo karani.

Na kuna jambo la kwetu. Babu yangu alikuwa mvuvi Ngomeni. Wenyeji mnajua, baharini pale pana lile jukwaa la Waitaliano, San Marco, lililokuwa likirusha roketi tangu 1967. Babu alikuwa akisema ukiona mkia wa moshi unapanda, ujue Wazungu wameongeza jicho jingine juu. Mwaka 1970, siku ya Jamhuri, 12 Desemba, ikarushwa moja ikapewa jina Uhuru. Kuanzia hapo babu kila akienda haja ufukweni hutazama juu kwanza. Hadi anazeeka. Tulimcheka sana. Juzi saa 9 usiku nimefunga kitabu, nikatoka uani, nikajikuta nami nimetazama juu.

Kuna mwingine aliyewahi kuisoma? Semeni.

Dafu_na_Chumvi

Kaka umri huu bado unasoma vibonzo vya watu wanaovaa chupi juu ya suruali? Oa.

ZamuYaUsiku

Nimeoa. Ndiyo maana nachukua zamu ya usiku.

FundiRedio

Uzi mzuri ila kuna dhambi moja lazima niisahihishe, samahani kwa babu, Mungu amrehemu.

Ile Uhuru haikuwa jicho la kutazama watu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima eksirei za angani peke yake. Eksirei za nyota hazifiki chini kwa sababu hewa ya dunia inazimeza zote, ndiyo maana ukitaka kuziona sharti upande juu ya hewa. Na hewa hiyohiyo ndiyo ingekuwa pazia kati yake na babu yako. Hata angeamua kumchungulia, vyombo vyake visingeona ufukwe wala mtu aliyechutama ufukweni.

Kwa nini Ngomeni? Kwa sababu iko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Dunia inazunguka kwa kasi kubwa zaidi pale kiunoni, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo wa bure. Na setilaiti ikizunguka juu ya ikweta inaepuka sehemu kubwa ya mionzi inayoizunguka dunia, mionzi ambayo ingevuruga vipimo. Roketi yenyewe ilikuwa Scout, ya Wamarekani, jukwaa la Waitaliano. Jina alilitoa mama mmoja wa NASA, Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi, kwa heshima ya siku ile: Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru.

Ilikuwa inajizungusha polepole, mzunguko mmoja kama dakika 12, ikifagia anga kipande baada ya kipande. Kuizunguka dunia yenyewe ilikuwa inachukua dakika 96 hivi. Ikaorodhesha vyanzo 339 vya eksirei. Kimoja kinaitwa Cygnus X-1, eksirei zake zilikuwa zinapepesa haraka mno, na hicho ndicho kikaja kuwa kitu cha kwanza ambacho wataalamu walikubali kwa nguvu kwamba huenda ni shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauponyoki. Riccardo Giacconi aliyeongoza utafiti ule alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa hiyo babu alikuwa anajificha na chombo kilichompa mgongo.

ZamuYaUsiku

Fundi, umeniua. Miaka yote ile mzee anachutama kwa wasiwasi, kumbe lile linatazama Cygnus.

Ila ngoja kidogo, umenipa jambo. Ndugu Jicho wa Kirby anatazama chini tu. Matoleo yote manane sikumbuki hata mara moja anageuka kutazama nyota. Yuko angani, mahali pazuri kuliko pote pa kutazamia, na kazi yake ni kumfuata karani mmoja.

Bi_Mkunguni

Niko Amu, yaani Lamu. Kwetu jicho ni ito, na mengi ni mato, basi huyo kwangu ni Ndugu Ito, msinibishie.

Sijaisoma lakini nimelitafuta jalada la toleo la kwanza nikaliona. Mwanamke yuko vipande vipande ndani ya sanduku, kichwa huku, mikono kule, anauzwa kama kabati la kujiungia nyumbani. Hebu niambieni wanaume wa uzi huu, mmeandika kuhusu roketi, mmeandika kuhusu haja ya babu, na huyo wa kwenye sanduku hakuna aliyemwona?

ZamuYaUsiku

Dada, umenishika. Niliruka kwa makusudi kwa sababu ni siri ya hadithi, ila kwa kuwa ni ya 1974 nadhani muda wa siri umepita. Asiyetaka kujua aruke.

Buddy ana rafiki mmoja tu kazini, msichana anaitwa Lila. Ndiye pekee anayeongea naye vizuri. Kumbe Lila ni bidhaa ya kampuni. Wanatengeneza wanawake bandia, wanawauza kama marafiki wa kuunga mwenyewe, na wengine wana bomu ndani. Mtu mkubwa anapelekewa mrembo, anamkaribia, mlipuko. Buddy anagundua hayo dakika chache tu kabla hajageuzwa OMAC.

Na hapo ndipo ninapomlaumu Kirby. OMAC anaharibu kiwanda, sawa. Lakini yule Lila aliyekuwa akimsikiliza Buddy, je, ndani yake mlikuwa na chochote? Kirby hakukaa hapo. Amefungua mlango mkubwa kisha akapita mbio kwenda kupiga watu.

Bi_Mkunguni

Basi wote wawili walitengenezwa na mtu mwingine kwa kazi isiyokuwa yao. Mmoja kwenye sanduku, mmoja kwa miale. Kitabu nitakipataje?

Kijana_wa_Maweni

Swali la kijinga. Kama hii ni dunia moja na Superman, Superman yuko wapi? Jamaa mmoja anapigana na majeshi peke yake na yule wa Krypton amelala?

SandukuLaKomiki

Si la kijinga, ndilo swali lenyewe. Mimi nakusanya komiki tangu nikiwa shule, nikujibu kwa kirefu kidogo.

Kwenye matoleo manane ya Kirby hakuna Superman, hakuna Batman, hakuna anayewataja. Ni DC kwa nembo iliyo juu ya jalada tu. Kirby alikuwa na desturi ya kulima shamba lake pembeni. Wazo lenyewe alikuwa nalo tangu zamani, kama Captain America wa siku zijazo, na akalitoa alipohitaji kujaza kurasa: mkataba wake na DC ulimtaka kurasa 15 kwa wiki. Kumi na tano! Muulize mchoraji yeyote hapa kama anaweza tano.

Kuunganishwa kulikuja baadaye, na si kwa mkono wake. Kirby alikuwa na komiki nyingine DC, Kamandi, iliyoanza 1972, kijana wa mwisho mwenye akili kwenye dunia iliyotawaliwa na wanyama wanaosema. Alilelewa kwenye handaki liitwalo Command D, ndipo jina likatoka. Mwaka 1977, Kirby ameshaondoka, toleo la 50 la Kamandi likasema yule babu aliyemlea handakini ni Buddy Blank. Yaani amani yote ile aliyoipigania OMAC haikusaidia, dunia iliangamia, yeye akaishia kuwa mzee wa kulea mjukuu chini ya ardhi.

Mimi hilo nalipenda kuliko hadithi yenyewe. Mtu hakuulizwa chochote maisha yake yote, halafu kazi ya mwisho anayopewa ni ubabu.

Baada ya hapo kila mtu akachukua kipande chake. Jim Starlin alimrudisha kwenye kurasa za nyuma za Kamandi mwaka 1978. John Byrne akafanya matoleo manne mwaka 1991, meusi na meupe. Mwaka 2005 ndio wakamwingiza katikati ya mji: Brother Eye sasa ameundwa na Batman, kuwachunguza mashujaa wenzake kwa sababu hawaamini, kisha akamponyoka. Na OMAC si mtu mmoja tena, ni watu wa kawaida kwa maelfu kwa maelfu walioambukizwa bila kujua, wanageuzwa wakati wowote. Mwaka 2011 wakajaribu tena na shujaa mpya, Kevin Kho. Mnajua yalidumu matoleo mangapi? Manane. Ni kama kafara.

Kijana_wa_Maweni

Kwa hiyo nianzie wapi?

SandukuLaKomiki

Ya 1974. Nyingine zote ni wajukuu.

ZamuYaUsiku

Sanduku, asante. Hilo la 2005 sikulijua, na sijui kama nimelipenda. Jicho likiwa la Batman, basi lina mwenyewe, ana jina, unaweza kumlaumu. Kwenye kitabu changu kuna profesa aliyeliunda, lakini hana nafasi kubwa, na wale wa shirika la amani hawana hata nyuso. Ukitaka kulalamika utamlalamikia nani? Hilo ndilo lililonitisha saa 9 usiku, si roboti.

Halafu kuna kitu sikukisema. Baada ya Buddy kugeuzwa, shirika linaona OMAC hana familia. Basi kompyuta inamtafutia mume na mke wanaolingana naye, anapewa wawe wazazi wake wa majaribio. Wa majaribio! Wanamkaribisha nyumbani, naye anafurahi kweli. Mimi nilicheka mpaka mgeni wa chumba cha 4 akafungua mlango. Huku kwetu ukipata mzazi usiyemtaka mnakwenda naye hivyohivyo hadi kaburini.

Dafu_na_Chumvi

Sasa unanishawishi. Kuna nini kingine humo?

ZamuYaUsiku

Toleo la pili, ulisome wewe Dafu hasa, kwa kuwa najua unauza madafu ufukweni. Tajiri mmoja anaitwa Mister Big anakodi mji. Si ukumbi, si hoteli, mji mzima, kwa ajili ya sherehe yake ya usiku mmoja. Wasioalikwa wanazuiwa langoni.

Dafu_na_Chumvi

Hahaha. Hiyo si hadithi ya kubuni. Mimi kila Desemba naambiwa na askari wa kampuni fulani nizunguke kwa nyuma na mkokoteni wangu kwa sababu mbele kuna harusi ya watu. Bahari ileile niliyooga utotoni. Huyo Mzungu alikuja Malindi lini?

ZamuYaUsiku

Sijasikia kuwa alikuja. Alikulia New York, mtaa wa maskini wa Lower East Side, mtoto wa wahamiaji Wayahudi. Jina la kuzaliwa Jacob Kurtzberg. Nadhani langoni aliwahi kuzuiwa huko huko.

Toleo la 5 na la 6 ni moja: matajiri wazee wananunua miili ya vijana waliotekwa, wahamie humo. Hapa Kirby hakupita mbio. Anakuonyesha wazee wanavyochagua kama wako dukani, na kijana aliyelala pale hajui. Michoro ya mashine zake sijui niielezeje, mabomba na vyuma vimejaa ukurasa, hakuna hata kimoja unachokijua kazi yake na vyote unaviamini.

FundiRedio

Alikuwa mwanajeshi huyo?

SandukuLaKomiki

Ndiyo. Alipelekwa Ufaransa mwaka 1944, askari wa miguu, na kwa kuwa alijua kuchora walimtuma mbele kuchora ramani za mahali adui alipo. Baridi ilimharibu miguu nusura ikatwe. Ukijua hilo, wazo la kumaliza vita bila kupeleka vijana wengi utalisoma tofauti.

ZamuYaUsiku

Kweli. Na bado alimpeleka mmoja.

Bi_Mkunguni

Mwisho wake je? Msiniambie kama ni mzuri. Kama ni mbaya niambieni nisiumie.

ZamuYaUsiku

Ni mbaya, lakini si kosa la hadithi. Matoleo mawili ya mwisho kuna daktari anaitwa Skuba anayeiba maji. Anayakandamiza mpaka ziwa zima linakuwa vipande unavyoweza kubeba. OMAC anamfuata, daktari anafanikiwa kukata mawasiliano kati yake na Ndugu Jicho. Buddy anarudi kuwa Buddy, mwembamba, anatetemeka. Unageuza ukurasa ujue atafanya nini sasa akiwa peke yake, kwa mara ya kwanza hana mtu juu ya kichwa chake. Kisanduku cha mwisho: mlipuko. Basi. Kirby alikuwa amerudi Marvel, watu wa DC wakafunga duka.

Dada, nikupe kitabu. Basi la asubuhi linakwenda Mokowe, nina dereva ninayemjua. Nitakifunga kwa nailoni mara mbili kwa ajili ya boti.

Bi_Mkunguni

Fanya mara tatu. Nitamtuma mtu jetini.

(siku kumi baadaye)

Bi_Mkunguni

Kimefika kikavu, ahsante sana. Nimekisoma siku tatu, nikiwa nimejificha watoto wasinione. Mambo mawili.

Kwanza Lila. Ulinidanganya kidogo, ZamuYaUsiku. Ulisema Kirby alipita mbio. Rudi kwenye michoro uone Buddy anapogundua. Uso wake ule. Yule mchoraji alijua alichokuwa anakivunja, ila hakuwa na kurasa.

Pili, kitabu hakiko kwangu. Ami yangu alikiona barazani, ni mvuvi wa tangu zamani, Kiingereza hasomi. Anatazama picha. Amekwama pale ziwa lilipokauka, siku mbili hageuzi ukurasa. Yeo asubuhi nimempelekea chai nikamwuliza ameonaje. Amesema huyo daktari ni mwizi asiyejua kazi. Kachukua maji yote, samaki kawaacha wapi?

ZamuYaUsiku

Mwambie ami sijui. Nimetazama mara nne na sikuwaona.

Dafu_na_Chumvi

Akimaliza mimi ndiye wa pili kwenye foleni. Nimetangulia Kijana_wa_Maweni, mashahidi mpo.